Tumbo Moja, Bei Nne

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa saa ya ukutani. Miaka yote nimeambiwa nachelewa, na sasa nisipokuwa na pa kuchelewa ndipo mkaona nahitaji saa. Kisha mkaniomba niwaandikie uzoefu wangu kwa faida ya vijana wanaoanza. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana sikupata vingi, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huohuo mnaoulalamikia ninyi. Nitaandika habari za swali nililoulizwa kuliko yote kwa muda wote niliopiga watu picha za ndani ya mwili, hata kuliko lile la "Ni wa kiume au wa kike?" Swali lenyewe ni hili: "Picha shilingi ngapi?"

Nilianza na eksirei, hospitali ya serikali hapahapa Dodoma, wakati picha bado zinasafishwa kwa dawa kwenye chumba cha giza. Aliyenipokea ni Mzee Chilewa, mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vya rangi ya chai kwa sababu ya zile dawa. Siku ya kwanza aliniambia nisifungue mlango wa chumba cha giza mpaka aseme. Nami nilikuwa binti mwenye cheti kipya, na mwenye cheti kipya huwa hasikii. Nikafungua. Mwanga ukaingia, picha zote zilizokuwa ndani zikaungua. Mzee Chilewa hakunifokea. Alisema tu, "Binti, umemwaga mbavu za watu saba. Nenda kawaambie warudi wavue mashati." Nikaenda kwenye benchi kuwaambia. Wale watu saba ndio walionifundisha kazi, maana kila mmoja alikuwa na la kusema.

Somo la pili alinipa mchana huohuo, kibibi kimoja kiliponishika mkono kuniuliza bei. Nilitaka kumjibu. Mzee Chilewa akanivuta. "Ukiulizwa bei, onyesha dirisha la malipo kwa kidole. Ukiitaja wewe, imeshakuwa yako, na atakulilia wewe." Nikaishika hiyo hadi ikawa tabia. Kidole changu hiki kimeelekeza watu dirishani kuliko alama za barabarani.

Enzi zile bei ilikuwa na adabu. Filamu ilikuwa na ukubwa wake, ndogo bei ndogo, kubwa bei kubwa, na mtu akikuuliza kwa nini kifua ni ghali kuliko kidole unamwonyesha filamu mbili anaelewa. Baba mmoja wa Kizota, fundi wa kuchomelea mageti, alielewa kupita kiasi. Alisema, "Basi nipigie upande huu mmoja unaouma, huu mwingine uuache." Nilimweleza kwamba kifua hakiuzwi nusu. Aliniona mwizi mpaka alipopona.

Halafu ikaja altrasaundi. Mashine ilikuwa kubwa kama friji, imefunikwa kitambaa, na kwa muda mrefu mwenye ufunguo wa chumba chake alikuwa mtu mmoja ambaye kila mara yuko semina. Nikapelekwa kusoma, nikarudi, nikakabidhiwa chumba namba tatu. Mnaojua kazi hii mnajua sharti la picha ya tumbo la chini: kibofu kijae. Unamwambia mama anywe maji chupa mbili na asiende msalani. Anakunywa. Anakwenda dirishani kulipa, karani anamwambia mtandao umekata. Anasubiri, kabana miguu, jasho linamtoka, anasoma bango la haki za mgonjwa mara nne. Anashindwa, anakwenda msalani. Anaporudi mtandao umerudi, amelipa, anaingia kwangu na risiti mkononi na kibofu kitupu. Namwambia akanywe maji. Nimetazamwa na wanawake wa mkoa huu kwa jicho ambalo sitalisahau.

Sasa kuhusu bei, ambayo ndiyo niliyoahidi. Kwa nini tumbo lilelile, kwa kazi ileile ya dakika kumi na tano, lina bei nne kwenye mji mmoja? Vijana, sababu za kweli zipo na si haramu. Serikalini mashine imenunuliwa na umma, mshahara wangu unalipwa na umma, kwa hiyo mgonjwa anachangia jeli, karatasi na umeme. Hospitali ya misheni mashine ni ya wafadhili, lakini fundi akiitwa kuitengeneza hapokei sala. Kliniki ya mtu binafsi amekopa benki, anapanga jengo, na mashirika ya bima yanamlipa yanapojisikia. Kuna mahali picha inasomwa na daktari bingwa, na mahali inasomwa na aliyeipiga. Yote hayo yana gharama, nami siyabishi.

Sababu nyingine nilizijulia Ipagala, hapahapa mjini, nilikokuwa na kibarua cha jioni kwa miaka michache. Ilikuwa kliniki ya ghorofa moja, wafanyakazi watano na Mkurugenzi mmoja. Mashine yake ilikuwa ndugu wa ile ya kwetu hospitali, kampuni moja, umri mmoja, ila ya kwake ilikuwa imepanguswa vizuri. Asubuhi mkono wangu ulikuwa elfu ishirini. Jioni mkono huohuo, tena umechoka, ulikuwa elfu hamsini. Siku moja nilimuuliza Mkurugenzi hiyo thelathini ya katikati inatoka wapi. Alinitazama kwa huruma. "Mama, mteja halipii picha. Analipia mazingira."

Mazingira yalikuwa haya: viti vya sponji, luninga isiyo na sauti, na tanki la kioo lenye samaki wawili wa rangi ya machungwa. Picha yako ulipewa kwenye bahasha ngumu pamoja na sidii, na sijapata kumwona mgonjwa mwenye kitu cha kuchezea sidii hiyo. Palikuwa na "picha ya kawaida" na "picha ya rangi", na aliyelipia ya rangi alirushiwa rangi nyekundu na bluu dakika moja kwenye mshipa ambao haukuwa na tatizo. Mwenye kadi ya bima alipigwa tumbo zima, ini, figo, wengu, mpaka na shingo akizubaa. Aliyelipa mfukoni alipigwa panapouma. Bunge likikaa, hamsini inakuwa sitini, sijui walidhani waheshimiwa wanakuja na matumbo ya ziada. Binti wa mapokezi, Rehema, alikuwa na ruhusa ya kushuka mpaka thelathini na tano, lakini asishuke mpaka mtu aonyeshe anaondoka kweli. Nami nilipewa elfu tano kwa kila kichwa kilicholala kitandani. Naiandika hiyo elfu tano hapa kwa sababu ina kazi katika haya ninayoyaeleza.

Ilikuwa Jumatatu ya kiangazi. Asubuhi, hospitali, nilitoka chumba namba tatu kumwita mgonjwa anayefuata. Kwenye benchi la mlangoni kwangu alikaa mwanamke wa miaka kama thelathini, kajifunga kanga mbili, mkono mmoja chini ya kitovu, kichwa kaegemeza ukutani. Mume wake alikuwa dirishani, hatua chache tu mbele yangu, mtu mrefu mwenye kofia ya sufi na jua lile. Baadaye nilikuja kujua kwamba anaitwa Yohana, mvuvi na mwenye mbuzi kadhaa huko Mtera, na mke wake ni Tabitha.

Nilimsikia karani akimwambia, "Altrasaundi ya tumbo, elfu ishirini."

"Nina kumi," Yohana akasema.

"Kaka, hapa hakuna maelewano."

"Basi kumi na mbili. Kumi na mbili naitoa sasa hivi."

"Anayefuata."

Yohana akakunja karatasi ya daktari polepole, akaitia mfuko wa shati, akaondoka. Hatua tatu, akageuka. Hatua tatu tena, akageuka. Mwendo ule mimi naujua tangu utoto. Baba yangu alikuwa anauza mbuzi, na mnadani bei ya kwanza huwa ni salamu tu. Mnunuzi anataja yake, anakataliwa, anaondoka taratibu na sikio kaliacha nyuma. Akiondoka haraka, hamtaki mbuzi. Asipoondoka, hana akili. Anayeondoka hivi, taratibu, ndiye mnunuzi wa kweli, na muuzaji anamwacha afike kama hatua ishirini, kisha anapaza sauti: "Njoo! Lete!" Biashara haigombi, wanacheka, mbuzi anafunguliwa kamba.

Nikacheka. Mtu mzima na kofia yake ananunua altrasaundi mnadani, kwenye dirisha la serikali ambalo hata waziri akija bei yake ni ileile. Nikaita jina lililofuata kwenye orodha, nikaingia ndani na mgonjwa wangu. Nilipotoka tena benchi lilikuwa tupu.

Alikopita baada ya hapo alinisimulia mwenyewe. Pesa alikuwa nayo, elfu arobaini, kauza mbuzi mmoja. Lakini kijijini kwao mmoja alipigwa picha kwa elfu kumi na tano, mwingine kwa thelathini, mwingine kwa hamsini, na kila mmoja alipigwa tumbo. Yohana akafikiri kama mtu mwenye akili timamu: kitu chenye bei nyingi hivyo kwenye mji mmoja ni kitu cha kupatana. Nani atamlaumu? Sisi ndio tuliomfundisha. Akaenda hospitali ya misheni, akatajiwa ishirini na tano, akaondoka taratibu, hakuitwa. Akaenda Kizota, kliniki iliyo juu ya gereji, jenereta linanguruma, akatajiwa thelathini, akaondoka taratibu, hakuitwa. Akaona ajabu, mbuzi huyu kila ukimzunguka anapanda bei. Nilimuuliza mbona hakurudi kwetu kwenye ishirini. Akashangaa kwamba mimi ndiye ninayeuliza hilo. Mnadani ukishamwacha mtu usirudi kwake. Ukirudi amejua shida yako, anaongeza. Tabitha alimfuata nyuma kwa miguu kutwa nzima, anakaa kila penye kivuli, anasema "Yohana, lipa tu," naye anajibu, "Subiri, wataita."

Saa kumi na moja jioni nilikuwa mlangoni kwa chumba changu cha Ipagala. Siku ilikuwa kavu, nilikuwa nimelaza kichwa kimoja tu tangu nifike. Nikamwona mwanaume mrefu mwenye kofia ya sufi amesimama mbele ya tanki la samaki.

"Hawa mnawala lini?" alimuuliza Rehema.

"Hawaliwi, kaka. Ni mapambo. Picha ya tumbo elfu hamsini, unapewa na sidii."

"Ishirini."

"Haiwezekani."

Akageuka kuondoka. Hatua tatu, akatazama nyuma. Hatua tatu. Rehema ni mtoto wa mjini, amezaliwa maghorofani, mwendo ule hauelewi. Aliona mtu hana hela, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikaona elfu tano yangu inatoka mlangoni. Nikapaza sauti, "Njoo, baba! Lete thelathini na tano!"

Aligeuka uso wote unang'aa. Tangu asubuhi alikuwa anasubiri neno hilo. Akaja anatembea haraka, akatoa pesa, akanipa mkono. "Umenipa shida, Dokta," alisema, "lakini nimekuangusha." Nilimwambia kweli ameniangusha. Ukipunguziwa kumi na tano lazima ufurahi. Hakuna aliyemkumbusha kwamba asubuhi alikataa ishirini.

Kisha akamwita mke wake aliyekuwa kakaa chini nje, kwenye saruji, na furaha yangu ikaisha. Midomo ya Tabitha ilikuwa imepauka. Nilimwangalia viganja, vilikuwa vyeupe. Alikuwa kashika bega la kulia.

"Bega nalo linauma?" nikamuuliza.

"Tangu saa nane, mama. Na hedhi sijaiona mwezi wa pili."

Sikumuuliza habari ya kibofu, maana tumbo likivuja damu ndani maumivu hupanda begani. Nilimlaza, nikapaka jeli, nikaweka kichwa cha mashine. Damu iliyomwagika tumboni huonekana nyeusi kwenye kioo chetu, na kioo kizima kilikuwa cheusi. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, nje ya kizazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Nilifuta jeli kwa kanga yake mwenyewe, nikamwambia Yohana kwamba mke wake anapoteza damu ndani na anatakiwa apasuliwe sasa hivi.

"Na kupasuliwa ni shilingi ngapi?" aliuliza. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Yohana, usiulize bei. Mbebe."

Tulipofika mapokezi Rehema akatuzuia, risiti ilikuwa bado haijatoka kwenye mashine, na Mkurugenzi hataki mtu atoke bila risiti na sidii yake. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Tukapanda bajaji watatu, Tabitha katikati, kanilalia kifuani, mwili baridi na mkoa mzima unaungua jua. Nilikuwa naomba njia nzima. Niliogopa, tena niliogopa kweli, maana nimewaona wengi wakifika wamechelewa kwa nusu saa tu.

Tulimpeleka kwetu, hospitali ileile. Na hapo mtaona maajabu ya kazi hii. Asubuhi, alipokuwa anatembea kwa miguu yake, dirisha lilitaka elfu ishirini kwanza. Jioni, alipofika hajitambui, hakuna aliyetaja hata senti. Machela ikaja, damu ikatafutwa, milango ikafunguliwa. Daktari wa upasuaji alitoka baadaye akiwa kaloa jasho, akatuambia atapona, ila mrija mmoja ameutoa. Akanigeukia mimi, kwa kuwa ni wa nyumbani, akaniambia, "Mama, huyu angepigwa picha asubuhi, tungemkuta mrija haujapasuka." Nikasema ndiyo.

Kesho yake jioni Rehema alinipa elfu tano yangu ndani ya bahasha. Niliipokea. Mwisho wa mwezi niliacha kibarua kile, na Mkurugenzi alidhani nimepata kliniki yenye tanki kubwa zaidi.

Baada ya wiki mbili hivi, Yohana na Tabitha walinifuata hospitali, chumba namba tatu. Walikuwa wamekuja kutoa nyuzi. Yohana alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nikaitikia, akanipa samaki, perege wakavu waliofungwa gazeti. Akawaambia watu wote waliokuwa kwenye benchi, hata wasiotaka kusikia, kwamba mama huyu mnayemwona ndiye aliyemwokolea mke. Mji mzima uliniacha niende, alisema, huyu peke yake alijua kuita. Watu wakanitazama vizuri. Mwanamke mmoja akasema Mungu anibariki. Nikawa naangalia samaki.

Tabitha alikaa mahali palepale alipokaa Jumatatu ile, akasubiri mume wake amalize, kisha akaniita kwa mkono nisogee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Nashukuru. Mama, naomba nikuulize kitu. Asubuhi ile nilikuwa hapa. Ulitoka mlangoni, ukamtazama Yohana anavyoondoka, nikasema moyoni, huyu mama kamwona, atamwita. Ukacheka, ukaingia ndani." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anataka kujua tu. "Ulikuwa unacheka nini?"

Nilimwambia sikumbuki. Akasema, "Haya, mama," akainuka kwa kushika ukuta, maana kidonda kilikuwa bado kinamvuta, wakaenda zao. Nilikuwa nakumbuka. Nilicheka kwa sababu nilijua anasubiri kuitwa.